Mambo ya Ndani

Kibao chetu kimeandikwa USHONI, basi,
lakini Wete nzima yatuita Wizara ya Mambo ya Ndani.

Alianza bibi, Nunuu binti Shaame,
kwa cherehani cha mkono, pesa ya karafuu,
na shimizi za marikani, ngumu kama karatasi
mpaka zifuliwe mara tatu.

Ikaja miaka ya foleni. Kitambaa hakuna.
Akafumua magunia ya ngano, akayachemsha kwa majivu;
maandishi yakagoma kutoka.
Wako mabibi wa heshima mjini hapa
waliokwenda maulidini wakifukiza udi,
na chini ya buibui, makalioni,
wameandikwa UNGA DARAJA LA KWANZA.
Mpaka leo wakikutana hucheka kwa macho.

Baba yangu, Kombo, alikikalia kiti kikiwa bado cha moto.
Mwanamume, kushona sidiria! Barazani wakamwuliza:
"Vipimo wachukuaje?"
"Kwa uzi. Uzi hauna macho."
Wanawake walijipima wenyewe nyuma ya pazia,
wakampenyezea uzi wenye mafundo mawili.
Wa nani, hakuuliza.

Kisha marobota yakashuka bandarini:
sidiria za watu wa mbali, mia tano tano,
zikaning'inia sokoni kama popo.
Mwaka mzima baba alishona foronya.

Mimi oda zangu huja kwa simu.
Natuma Mkoani, Unguja, hata Maskati,
lesi rangi ya kungumanga, waya usiochoma.
Daftari tu ndilo lile lile la bibi,
halina majina. Kila mwanamke na alama yake:
kitana, jani, kikombe, mwezi mchanga.

Juzi alikuja mwalimu kutoka Konde.
Alikaa, akanyamaza mpaka chai ikapoa.
"Walinikata upande," akasema.
"Hizi za dukani zinanipanda shingoni."

Sikujua pa kuanzia. Nikafungua daftari
kurasa za mwanzo, wino umeshakuwa kahawia:

*Kushoto hakuna. Jaza sufi, si pamba; pamba hunywa jasho.
Chini shonea punje za mtama, mabega yasipishane.
Mkanda vidole vitatu.*

Alama: sindano.

Nilimpelekea baba. Kitana anamjua, kikombe anamjua,
ingawa maisha yake yote ameapa hajui.
Sindano aliitazama sana.
Akachukua uzi kuutia tunduni, akakosa,
akaulamba, akakosa tena.
"Alikuwa akinipakata kulia tu," akasema.
"Nikidhani ndivyo alivyozoea."

Mwalimu alirudi Ijumaa, akaivaa nyuma ya pazia.
Nikasikia kishindo kidogo, kama mtu anaruka dimbwi.
Kimya.
Akaruka tena.
"Haipandi," akasema.