Kabla Wa Nne Haujafunguka

Kwenye uzio wa jela ya kaunti, mkabala na shamba la mahindi
lililokwisha kuvunwa, kuna bango: TUNAAJIRI.
Upepo wa Nebraska umeng'oa herufi ya mwisho.
Tangu Machi linasomeka TUNAAJIR,
na wa kupanda ngazi hayupo: fundi naye kaacha kazi.

Hofmeister alidumu siku tisa.
Kijana wa mikono mipana, mzalishaji wa ng'ombe,
hakuogopa damu wala matusi.
Aliogopa mlango wa tatu,
ule unaojifunga nyuma yako kabla wa nne haujafunguka,
ukabaki katikati, si wa ndani, si wa nje.
Siku ya kumi nilikuta sare yake kaunta,
imepigwa pasi.
Sasa yuko ghala la vifurushi,
dola mbili zaidi kwa saa,
na maboksi hayamtemei mtu mate.

Mimi, sajini Lorna Vasek, napanga zamu kwa penseli;
wino ni wa wenye hakika.
Mahabusu themanini na mmoja, askari watatu,
na mmoja wa hao watatu ni mimi.

Saa tisa usiku, saa ya kumi na nne tangu nivae buti,
Pruitt ananiita kwenye kitundu cha mlango.
"Sajini, jana asubuhi ulikuwepo."
"Nilikuwepo."
"Na juzi."
Ananihesabia siku kama anavyohesabu zake.
"Mimi natoka Alhamisi. Wewe je?"

Nilicheka. Kisha sikucheka.

Nyumbani, kwenye friji, mwandiko wa binti yangu:
*Chakula kipo. Usiniamshe.*

Wanaouliza kwa nini sijaondoka, sina jibu la kubandika uzioni.
Nina hili tu: mwaka juzi, selo ya kumi na moja,
nilisikia ukimya usiokuwa wa usingizi,
nikafungua.
Mtu yule sasa anauza matairi mjini.
Tukikutana anatazama pembeni. Nami pia.

Leo asubuhi kaja mwombaji mmoja,
mama wa miaka hamsini na mbili, mpishi wa shule iliyofungwa.
"Hofmeister ni mpwa wangu," akasema.
"Kanisimulia habari za mlango wa tatu."
Nikangoja aage.
"Huwa unafanyaje pale katikati?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza.
"Nahesabu," nikamwambia. "Mara nyingi hadi saba.
Siku mbaya, hadi arobaini."

Akaiandika arobaini kiganjani,
akavuta fomu.