Shati la Asiyezaliwa

Saa nane usiku, Kirumba. Umeme umerudi,
feni inakohoa, inajikumbusha kazi.
Kwa Shiori, Sapporo, kumekucha, anapuliza chai;
Recife ndiyo kwanza Jurandir anaosha sahani za jioni.
Mimi niko katikati, nimeshika daftari la zamu.

Tunashona shati la mtoto
ambaye mimba yake bado ni makadirio ya wahasibu.
Mashine itakuja mwaka tusioujua,
na mabega ambayo hakuna aliyeyapima.
Fundi gani wa Makoroboi angepokea oda hii?
Sisi tumeipokea. Tena bure,
na kila mshono tumeuacha wazi
apitaye aukague, aufumue akitaka.

Shauri la leo: programu inaganda.
Nyuzi elfu arobaini, zote hai, hakuna unaosogea.
Masalu, kutoka chumba chake cha kupanga Nyegezi,
ndiye aliyeona:
uzi huu unangoja ule umalize,
ule unangoja huu uanze,
kama wakwe wawili mlangoni.
Tangulia.
La hasha, tangulia wewe.
Na ndani ugali unapoa.

Nikacheka hadi jirani akagonga ukuta.
Kisha kicheko kikanikauka,
maana kiraka cha Masalu chenyewe
kina wiki ya tano kinangoja:
Shiori anamngoja Jurandir akikague,
Jurandir ananingoja mimi niseme ndiyo,
nami, kwa adabu zangu zote,
nilikuwa nawangoja wao.

Hapa hakuna bosi. Hakuna wa kukatwa mshahara.
Nakumbuka Magu, siku za kulima kwa kundi,
ngoma imeshaanza, watu wamejipanga,
na daima palikuwa na mmoja
wa kuinua jembe kabla ya wengine.
Hakuwa na nguvu kuwazidi.
Alikuwa tu amechoka kusimama.

Nikaandika: Masalu kwanza. Shiori Jumatatu.
Likiharibika, nililipitisha mimi, Kabula.
Nikabonyeza.

Upande wa Ukerewe radi inamulika bila sauti.
Wingu kama lile ndilo tunalotaka, siku moja,
tulihesabu tone kwa tone kabla halijafika.
Leo limetuwahi.
Bati linapigwa, maneno hayasikiki,
Jurandir anauliza ni kelele gani hiyo,
nami naipeleka simu dirishani,
naishika hapo, kimya,
asikie.