Hodi ya Nne

Saa nane usiku, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne.
Programu yangu ya msako inapita mawinguni
nyumba kwa nyumba, namba kwa namba,
ikiuliza: nani yumo?
Seva kumi na tisa zimeitika.
Bili ya mwezi inasema ishirini na mbili.

Tatu tunazilipia, hatuzioni.

Nimekagua nywila. Nimekagua ruhusa.
Nimeongeza muda wa kusubiri, nikaanza upya,
nikanywa kahawa ya jana.
Mwanakombo akapiga simu toka Chumbageni: labda zimekufa?
Maiti hadai kodi, nikamjibu.

Kisha nikasoma kumbukumbu, mstari kwa mstari:
hodi, kimya.
Hodi, kimya.
Hodi, kimya. Hayumo.
Nikacheka peke yangu.
Nani aliifunza mashine adabu za bibi yangu,
tatu, ukikosa jibu geuka urudi?

Wenyewe wamo. Ni ukuta wa moto
aliouacha Shekue alipoacha kazi
unaomeza sauti mlangoni.

Nimetoboa tundu moja, la kupita uzi.
Karibu, ikasema ya ishirini.
Karibu, ikasema jirani yake.

Ya ishirini na mbili, kimya.
Bibi, niwie radhi:
napiga ya nne.