Mstari Chini ya Ithungu

Kompyuta ni moja, watoto hamsini na tisa,
kwa hiyo wiki mbili za kwanza tuliandikia maboksi.
Nilichora vitufe kwa makaa juu ya katoni za sabuni,
Q, W, E, R, mpangilio usio na adabu ya alfabeti,
wakagongagonga mpaka A ikafutika kwa jasho la vidole
na Mbusa akauliza kama maneno aliyoandika
yametokea upande wa pili wa boksi.

Jumatano tukafungua ile yenyewe.
Betri ya jua ilikuwa nusu. Nje, Muhokya inachemka,
vumbi la chokaa limekaa kwenye vioo kama mgeni asiyeaga.
Nikasema: kila mtu jina lake tu, kisha ampishe mwenzake.

Masika akatangulia. Kidole kimoja,
kama anayejaribu uji kama umepoa.
M. Akanitazama. A. Akanitazama tena.
Lilipotimia, mashine ilinyamaza, ikakubali:
kwa Kiswahili Masika ni mvua, na mvua inaijua.
Kule naye akapita bila swali,
na Kule wa pili, na Kule wa tatu,
maana kwetu jina huhesabu uzao, haliangalii sura,
na kila mvulana wa nne ni Kule.
Kule ni mahali. Mashine inapafahamu.

Thembo ndiye aliyegonga ukuta.
Mstari mwekundu ukatambaa chini yake,
umepindapinda kama siafu wanaohama.
Nikabonyeza tuone inataka nini.
Ikapendekeza: Tembo.
Darasa zima likavunjika mbavu. Yeye hakucheka.
Tembo alikula mahindi ya bibi yake mwezi wa nne
na akabomoa choo.

Kisha Ithungu, msichana wa tano wa mama yake,
anayeandika kwa mkono wa kushoto,
ambaye daftari lake nimelirudisha sijui mara ngapi
likivuja wino wangu.
Aligonga polepole. Herufi zikasimama wima,
hakuna iliyolewa, hakuna iliyomwegemea jirani.
Sijawahi kuliona jina lake limenyooka vile.
Mstari ukaja.
Nikabonyeza, laiti nisingebonyeza:
Uchungu. Kizungu. Fungu.
Huko nyuma mtu akasoma, "U-chu-ngu,"
kwa fahari ya aliyejua kusoma.

Nilikwisha fungua kinywa nimweleze
kwamba aliyeitungia mashine hii kamusi
hajafika Muhokya, wala hajazaa binti watano,
Ithungu akaniwahi:
"Mwalimu, imenipigia mstari. Mimi ni kichwa cha habari."

Kumbe ni mimi niliyewafundisha, kwa rula, Jumatatu nzima:
kichwa cha habari hupigiwa mstari
ili msomaji ajue kwamba chini yake kuna jambo.

Akatafuta kitufe cha kushukia, akashuka,
akaandika: mimi nina mbuzi
herufi ndogo mwanzoni, mwisho bila nukta,
akaondoka kumpisha Kabugho.
Sikugusa.

Jioni nilibaki peke yangu na asilimia saba ya betri
kuyaingiza majina kwenye kamusi.
Thembo. Mbambu. Kabugho. Biira,
Biira mmoja akawaponya Biira wote sita.
Kila nilipobonyeza, wekundu ulizimika
na karatasi ikatakata.
Nilipofika kwa Ithungu kidole kikasita.
Kishale kilipepesa, kikapepesa, mbele ya mbuzi wake.

Mashine ikajizima kabla sijakata shauri,
na kwenye kioo cheusi nikamwona mwanamke fulani
amechomeka kalamu nyekundu nyuma ya sikio.