Giza Lisilovuja

Kikoba kimevunjwa Jumamosi. Fungu langu
laki tatu na arobaini, noti zenye harufu ya sanduku.
Wenzangu wamenunua mabati, Kabula amechukua cherehani.
Mimi nimeshuka Makoroboi
kutafuta kitu cha kutazamia mawe.

Bundala, mtoto wa mpiga picha za pasipoti,
ameutandaza urithi wake juu ya gazeti:
kamera mbili, lenzi nne, kichujio chekundu,
kipima mwanga ambacho mshale wake umelala kama mgonjwa,
na stendi ya mbao, miguu mitatu, nzito kama mchi.

"Chukua hii ya mkanda mdogo. Picha thelathini na sita,
ina wepesi, hata harusi unaiwahi."
Sina harusi.
Nina majabali ya Luchelele, ambayo hayajawahi kupepesa.
"Basi hii. Picha kumi na mbili tu, na humo ndani
kushoto ni kulia."
Nikainamia kioo chake. Mlima wa Mabatini ukahama upande,
na kila nyumba imeng'ang'ania jiwe lake kwa kucha
kama paka aliyegoma kushuka.

Nikaazima kanga kwa muuza vitunguu wa barazani,
nikajifunika gubigubi, mimi na kamera na kurunzi ndogo
iliyowashwa ndani ya tumbo lake,
nikatafuta panapovuja.
Mwanga hauna adabu. Ukipata tundu la sindano
asubuhi nzima ya ziwa inageuka maziwa.
Nje nikawasikia watoto wakicheka miguu yangu.
Hapakuvuja.
Nilikuwa nanunua giza; vioo ni nyongeza.

Lenzi pana niliielekeza mlangoni: ukungu umeota ndani,
mizizi myembamba, nywele za mtoto mchanga.
"Ziwa hilo," akasema Bundala, "huingia kila mahali.
Baba alizilaza kwenye pipa la mchele.
Alipofariki, mchele tukaula."

Kamera, laki mbili na nusu. Mikanda miwili, hamsini.
Imebaki arobaini, na vitu viwili:
kichujio, kinachoitia mbingu weusi
hadi mawingu ya Nyanza yatoke kama ng'ombe weupe zizini,
au stendi.
Nilikishika kichujio muda mrefu. Duka zima likawa damu,
na Bundala ndani yake.
Lakini mkono wangu, tangu malaria ya Machi, unatetemeka.
Watu nawaambia ni chai.

Nikabeba mbao.

Nyumbani nikaifuta kwa mafuta ya taa.
Kwenye kwato za chuma, mchanga mkavu,
kigamba cha konokono kisichozidi punje ya ulezi.
Na kwenye kila mguu, alama ya kisu:
mmoja juu, mmoja kati, mmoja chini kabisa.
Nikampigia Bundala. Akanyamaza kidogo.
"Kila Januari alifunga duka siku moja.
Tulidhani ana mke wa pili."

Jumapili tatu nimepanda majabali kabla ya jua,
nikikaza miguu kwenye alama zile,
jiwe hadi jiwe, kama mtu anayejaribu ufunguo
kwenye milango ya mtaa usio wake.
Huku inalala. Kule inainama.
Mjusi mwekundu kichwa amenizoea, hakimbii tena.

Leo imesimama.
Wima, kimya, povu la kipimo katikati,
ila mguu mrefu umezama majini hadi kifundo:
ziwa limepanda tangu zama zake.
Mbele yangu jiwe juu ya jiwe, na upenyo kati yao,
na ndani ya upenyo, maji yanayoanza kupata rangi.

Nikavuta pumzi, nikashika waya wa kufyatulia.
Wingu la wadudu wa ziwani likainuka kama moshi wa jiko
likaziba upenyo wote.

Kumi na mbili bado.
Nimekaa. Maji yanapanda kwenye mbao, yanashuka.