Nane

Kikohozi hakifichiki, walisema waliotutangulia,
lakini kikohozi hakijui kumtaja aliyekituma.
Ndiyo maana nipo hapa saa tisa ya usiku,
ghorofa ya chini, hospitali ya watoto, Ulaanbaatar.
Nje, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Ndani, mashine yangu inazungusha damu
kama mpepetaji anayetenga punje na pumba.

Kichupa chenye kifuniko cha njano:
Khongorzul, miezi kumi na minne.
Simwoni. Simwoni kamwe.
Watoto mimi huwajua kwa mililita mbili
na kwa mwandiko wa muuguzi Tungalag,
ambaye herufi zake hulala ubavu akichoka.

Damu inatulia. Juu yanabaki maji ya rangi ya asali changa,
na humo ndimo ini huandika barua zake.
Pafu likiungua, seli hupiga mbiu,
interlukini hukimbia pekupeku,
ini husikia, huamka, huanza kufua protini
kama mhunzi aliyeambiwa vita vimefika mtoni.
Kazi yangu ni kuhesabu nyundo.

Nikahesabu. Nane.
Nane ni kidogo. Nane ni mafua,
ni mpeleke nyumbani, mpe maji, mfunike.
Nikaandika nane, nikabonyeza kitufe,
nikanywa chai yangu ya maziwa na chumvi.

Sikuandika kwamba mhunzi huchelewa.
Kwamba moto wa saa chache
humkuta bado anatafuta mkaa.
Fomu ina kisanduku kimoja,
na kisanduku hutaka namba.

Juu, ghorofa ya tatu, mama mtu alikataa kuvaa buti.
Alipewa karatasi, akaisoma, akaikunja mara nne,
akasema: Huyu anapumua mara sitini na mbili.
Nimemhesabu hemani jiko likizimika,
nimemhesabu kwenye basi,
nimemhesabu hapa, mkiwa mnasubiri hiyo namba yenu.
Daktari Jamsran akaitazama karatasi,
akazitazama mbavu zinavyodidimia,
akavua miwani.
Akamlaza.

Usiku uliofuata, kichupa kingine.
Jina lilelile, herufi zimelala kabisa.
Mia moja arobaini na tatu.
Na prokalsitonini, ile isiyoamka ovyo kwa virusi,
imeketi kwenye sita.
Nikabadilisha kitendanishi, nikapima tena.
Mashine haikuona haya.
Mimi niliona.

Penye moshi, wanasema, pana moto.
Basi njooni mji huu mwezi wa Januari,
moshi wa makaa umelala juu ya mapaa kama ng'ombe aliyegoma,
jua ni sarafu iliyoangukia kwenye uji,
mniambie ni moto upi:
wa jiko la mama anayeogopa mwanawe ataganda,
wa bakteria,
au wa mtambo wa umeme unaonipa taa ya kumpimia?
Damu husema: kunaungua.
Haisemi nani kashika kiberiti.

Siku ya tatu, tisini na sita.
Siku ya tano, thelathini na moja,
sawasawa na baridi ya usiku ule,
nikacheka peke yangu kama mwehu.
Siku ya saba hawakuleta kichupa.
Huku chini ukimya una maana mbili,
na sikuthubutu kupiga simu mpaka zamu ikaisha.

Wameondoka jana, akasema Tungalag.
Mama ameacha kitu, kasema apewe aliyepima.

Ni ile karatasi, nane yangu, mikunjo minne.
Nyuma yake, kwa penseli, vistari,
vitano vitano, vimefungwa kama kuni,
na viwili vya mwisho vimesimama peke yao.
Hakuna neno lingine.

Nimeibandika juu ya mashine.
Wakaguzi wakija, nitaiondoa.
Wakienda, nitairudisha.