Kinachozima Moto

Usiku, maabara ya ghorofa ya pili, Cochabamba.
Friji inakoroma kama mlevi asiyedaiwa na mtu,
nami Rufina Condarco nahesabu vimelea kwenye hadubini:
mia mbili na nne, mia mbili na tano,
yule mmoja anajipinda kama uzi uliokosa tundu la sindano.
Nimemhesabu mara mbili. Naanza upya.

Nilifundishwa hivi, nami nawafundisha wanaokuja:
seli nyeupe ikimmeza adui haimtafuni, haina meno.
Humfungia chumbani, ikawasha oksijeni,
ile ile tunayoivuta, ila sasa imepandwa na hasira,
peroksidi ikachuruzika ukutani,
na kila kilichomo kikaanza kushika kutu kingali hai.
Wengi hufia humo. Ndiyo maana tupo.

Huyu hafi.
Huyu ameingia tanurini na ndoo yake ya maji.
Kimeng'enya, kitu kidogo hata jina linakizidi ukubwa,
hupokea cheche, huipoza, huigeuza maji,
hurudi mlangoni kupokea nyingine.
Hakilali. Hakidai mshahara.
Na nyuma yake mgeni anatoboa ukuta,
anavua mkia, anajikunja duara, anakaa,
anakuwa wawili, wanne, kijiji kizima,
mpaka nyumba inapasuka kwa wingi wao
nao wanamwagika na mikia mipya kutafuta moyo.

Moyo wa nani? Mimi najua mmoja.
Mama mdogo Benita Yandura, nje kidogo ya Camiri:
kuta za udongo na nyasi, kuku chini ya kitanda,
vinchuka wakishuka kutoka paani taa ikizimwa,
wakifyonza shavuni kwa adabu ya mwizi mzoefu
na kunya papo hapo walipokula;
naye, usingizini, akajikuna, akajipaka mwenyewe.
Alikuwa na miaka saba. Jicho likavimba juma zima.
Wakasema nyuki.
Sasa ana hamsini na minane, moyo umelegea
kama kikapu kilicholala mvuani,
na betri chini ya ngozi inamkumbusha mwendo.
Damu yake iko hapa, rafu ya tatu. Imeandikwa B.

Mwezi wa Machi nilikata jeni ya kile kimeng'enya.
Nikapata vimelea vya B visivyo na ndoo.
Ndani ya chupa, kwenye mchuzi wetu, viliishi, kwa kusuasua,
lakini ndani ya seli, nilikesha nikivitazama,
vilififia kimoja kimoja kama makaa aliyoyasahau mpishi.
Panya watano wakanenepa.
Na vile nilivyoviongezea jeni maradufu
vilimaliza panya wao kwa siku kumi na tisa.
Tofauti yenyewe ndiyo hiyo. Si meno, si sumu.
Ni nani anayejua kuvumilia joto.

Nilitaka kukichukia.
Kumbe ninacho na mimi, binamu yake,
kwenye ini, kwenye macho haya yanayohesabu;
bila yeye ningeshachakaa kama msumari wa uani.
Hakina upande.
Kinamtumikia yeyote kiliyemkuta ndani.

Jumapili nikampigia simu.
"Wamekufa?"
"Wale niliowanyang'anya."
Kimya. Nikasikia kuku.
"Na wangu?"
"Wako bado wana ndoo zao, mama mdogo."
Akacheka, kicheko kile kinachomkata pumzi,
akasema basi nisiwabughudhi,
wamekaa naye miaka mingi kuliko mume.
Kisha akauliza, sasa kwa sauti ya kazi,
kama nimetuma ile hela ya saruji,
maana ukuta wa chumba cha wajukuu una ufa
unaopitisha kidole,
na Delmira, yule wa miaka minne,
ndiye anayelala upande huo.